Martin Carthy hakuteuliwa kwa ajili ya uzee wake

Septemba 2025 ilipotangazwa orodha ya albamu 12 zinazowania Tuzo ya Mercury ya Uingereza, jina lililozungumzwa sana halikuwa la kijana. Lilikuwa la Martin Carthy, mpiga gitaa na mwimbaji wa nyimbo za jadi za Kiingereza, aliyetimiza miaka 84 siku ileile albamu yake, Transform Me Then Into a Fish, ilipotoka mwezi Mei. Tangu tuzo hiyo ianzishwe mwaka 1992, hajapata kuteuliwa mtu mwenye umri mkubwa kama wake. Oktoba 16, mjini Newcastle, ushindi ukaenda kwa Sam Fender, mzaliwa wa maeneo hayohayo, na mjadala ukazimika upesi: mzee kaenziwa, kapigiwa makofi, basi. Uteuzi umesomwa kama kiinua mgongo, bahasha anayokabidhiwa mtumishi wa miaka mingi siku ya kuagwa.

Usomaji huo una makosa, na hasara yake haiishii kwa mtu mmoja. Unamchukulia Carthy kuwa mtunza ghala, mtu aliyepokea mali ya mababu akailinda isiliwe na mchwa. Hoja yangu ni kwamba kazi yake ya miaka zaidi ya 60 imekuwa kinyume cha hapo. Huyu ni muundaji. Sehemu kubwa ya kile ambacho masikio yetu leo yanakipokea kama sauti ya kale ya Uingereza, mtu mmoja na gitaa lake akiimba kisa cha mauaji au cha baharia aliyepotea, ilitengenezwa London katika miaka ya 1960, na yeye ni mmoja wa mafundi wake wakuu. Tusipoliona hilo hatuwezi kuipima albamu yake mpya kwa haki, wala kuelewa nyimbo za jadi zinaishi vipi.

Tuanze na jambo ambalo wasikilizaji wengi hawalitarajii. Uimbaji wa jadi wa Kiingereza haukuwa na gitaa. Cecil Sharp alipoanza kukusanya nyimbo Somerset mwaka 1903, watu wa vijijini aliowakuta waliimba kwa mdomo mtupu, bila chombo chochote. Sharp mwenyewe alipozichapisha nyimbo hizo aliziandikia piano, ziweze kuimbwa sebuleni kwa watu wenye nafasi. Gitaa lilikuja baadaye, kwa mlango wa Marekani: blues ya Big Bill Broonzy, muziki wa Wamarekani weusi, kisha wimbi la skiffle la Lonnie Donegan, muziki mwepesi wa gitaa na vyombo vya kujitengenezea, lililowafanya vijana wa miaka ya 1950 Uingereza nzima watafute magitaa. Carthy, aliyezaliwa Hatfield Mei 21, 1941 na kukulia Hampstead, London, alipita mlango huohuo. Utotoni aliimba kwaya ya kanisa, ujanani akafanya kazi nyuma ya jukwaa kwenye michezo ya kuigiza, na vidole vyake vikafunguka kwa skiffle. Kisha, akiwa na miaka 17 hivi, akaingia klabu ya waimbaji wa nyimbo za jadi Ewan MacColl na Peggy Seeger, akamsikia Sam Larner.

Larner alikuwa mvuvi wa heringi kutoka Winterton, pwani ya Norfolk, aliyezaliwa mwaka 1878 na kuingia baharini angali mtoto. Usiku ule alikuwa na miaka kama 80. Hakuwa na chombo wala mafunzo. Alikuwa na koo lake na nyimbo alizozibeba maisha yake yote kati ya mashua na baa ya kijijini kwao. Carthy ameeleza mara nyingi kwamba jioni ile ndiyo iliyompindua. Alikuja na masikio ya blues na skiffle, akaondoka na nyimbo za nchi yake mwenyewe ambazo hakujua kwamba zilikuwa na nguvu kiasi kile.

Hapo likazaliwa tatizo la kifundi, na kwangu ndilo kiini cha habari yote. Gitaa likituniwa kwa namna ya kawaida linapenda kodi, zile noti tatu au nne zinazolia kwa mkupuo, na kodi zinautaka wimbo upite njia zao. Nyimbo za akina Larner hazipiti huko. Nyingi zimesimama juu ya ngazi za sauti za kale, zinatua mahali ambapo sikio lililolelewa na redio halitarajii, na mapigo yake yanafuata pumzi na neno, mstari mmoja ukirefuka, unaofuata ukikatika. Ukiubandika wimbo kama huo juu ya kodi tatu za kawaida unaunyoosha kama shati chini ya pasi, na kinachopotea ni kilekile kilichokuvuta. Kijana wa miaka ya 1960 alikuwa na njia mbili rahisi: aliweke gitaa chini, aimbe kama wazee, au akubali kuunyoosha wimbo. Carthy alizikataa zote mbili.

Hakuwa peke yake. Davey Graham, ambaye mama yake alitoka Guyana na baba yake Scotland, alikwenda Tangier, Morocco, mwanzoni mwa miaka hiyo, akataka gitaa lake liweze kufuatana na udi. Akalegeza nyuzi tatu mpaka zote sita zikasomeka D-A-D-G-A-D. Udi ule ni ndugu wa udi wa taarabu ya Unguja, na aliyewahi kukaa karibu na mpiga udi anajua kwamba chombo hicho hakijali kodi. Kinaimba mstari, kinauzunguka, kinaupamba, huku nyuzi nzito zikivuma chini yake. Hicho ndicho nyimbo za Kiingereza zilichokuwa zinakihitaji. Basi moja ya nguzo za gitaa la jadi la Uingereza ilichongwa kwa kulisikiliza udi la Waarabu kaskazini mwa Afrika, na jambo hilo tulikumbuke tutakapofika kwa wale wanaoudai muziki huu kwa jina la damu.

Carthy alikwenda mbali zaidi. Kwa miaka alihangaika na nyuzi zake, akipandisha huu na kushusha ule, hadi akafikia mpangilio unaojulikana leo kwa jina lake: C-G-C-D-G-A, kutoka uzi mzito hadi mwembamba. Nilipojaribu kulituni gitaa langu hivyo, uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote, ulilegea kama kamba ya kuanikia nguo, ukawa unagonga shingo ya gitaa badala ya kulia. Ilinibidi nifunge uzi mnene zaidi ndipo nikasikia mtu huyu alikuwa anatafuta nini. Nyuzi zikiwa wazi, bila kubonyezwa mahali popote, haziamui kwamba wimbo ni wa furaha au wa huzuni. Zinaacha mlango wazi. Kidole gumba, kilichovishwa kucha ya plastiki, kinapiga nyuzi za besi kwa nguvu hata mlio unakuwa nusu noti na nusu ngoma, na vidole vingine vinaufuata mdomo, noti kwa noti, vikiutamka uleule mstari anaouimba. Kisha vinanyamaza. Kimya cha Carthy ni kirefu kuliko cha wapiga gitaa wengi ninaowasikia, na ndani ya kimya hicho neno linasikika peke yake. Mwimbaji wa mdomo mtupu amebaki palepale, ila sasa ana mtu wa kutembea naye.

Kama ufundi wake ungeishia kwenye nyuzi, mtu angeweza kusema kwamba aliupa wimbo wa kale fremu mpya na wimbo wenyewe akauacha ulivyo. Lakini aliingia hadi kwenye maneno. Mfano mkubwa ni kisa kilichomo kwenye albamu yake Shearwater ya mwaka 1972, cha mwanamke ambaye mama yake mzazi anatuma majambazi usiku wakamuua mumewe na mtoto wake mchanga. Anamzika mume, anakata nywele, anavaa nguo za kiume na kwenda kuwa mtumishi wa mfalme. Kwa miaka hajulikani ni nani, mpaka siku mfalme anamfuata paa mweupe porini, paa anatoweka penye kaburi, na ndege anayelia machozi ya damu anaisema siri yote. Kisa hicho kilichapwa London mwaka 1656. Profesa Francis James Child wa Harvard alikiingiza katika mkusanyo wake wa nyimbo 305 katika karne ya 19. Lakini unachokisikia Carthy akikiimba, dakika zaidi ya tisa bila kukupa nafasi ya kuangalia saa, hakimo kwenye karatasi yoyote ya kale kwa umbo hilo. Aliunganisha vipande, akaandika upya beti, akachukua tuni kutoka wimbo mwingine, na akalieleza hilo wazi.

Hapa linakuja pingamizi zito kuliko yote, nami sitaki kulipita kwa haraka. Mtafiti wa mapokeo atasema: kama ameandika upya, basi ni mtunzi aliyejifunika shuka la mababu, na vijana watakaomwiga watadhani wanaimba karne ya 17 kumbe wanaimba mwaka 1972. Kuna ukweli humo. Leo katika klabu za Uingereza utakutana na waimbaji wanaourudia mpangilio wa Carthy, pumzi kwa pumzi, kana kwamba ulishushwa kutoka mbinguni, na matoleo mengine ya wimbo huohuo yamenyamaza kwa sababu lake lilikuwa zuri mno. Hiyo ni hasara halisi. Hata hivyo pingamizi hilo linadhani kwamba kuna wakati wimbo ulikuwa umetulia, safi, haujaguswa, na wakati huo haukuwepo. Yule aliyeuchapa 1656 aliutengeneza auze. Aliyemwimbia mkusanyaji wa karne ya 19 alisahau beti na kuziba mapengo. Carthy ana kauli aliyoirudia kwa miaka mingi, kwamba njia pekee ya kuudhuru wimbo wa jadi ni kuacha kuuimba. Kinachomtofautisha na wengi waliomtangulia ni kwamba anakuambia alichokata na alichoshona, na wapi alipokopa uzi.

Pingamizi dhaifu kuliko yote ndilo linalopendwa zaidi kusimuliwa. Ni lile la Scarborough Fair: eti Paul Simon, mwimbaji wa Marekani, alimwibia Carthy wimbo wake. Simon aliishi na kupiga London katikati ya miaka ya 1960, akaupata wimbo kwa Carthy, na mwaka 1966 Simon na Garfunkel wakautoa kwa majina yao wawili tu. Mwaka uliofuata filamu ya The Graduate ikausambaza dunia nzima. Carthy aliumia kwa miaka mingi. Lakini wimbo haukuwa wake. Aliutoa kwenye kitabu cha MacColl na Seeger cha mwaka 1960, na MacColl aliupata mwaka 1947 kwa Mark Anderson, mchimbaji mstaafu wa madini ya risasi huko Middleton-in-Teesdale, ambaye naye hakuutunga. Kilichokuwa cha Carthy ni gitaa, ule mzunguko wa vidole uliouinua wimbo kutoka kitabuni. Tatizo ni kwamba siku zile hakuna aliyejua kuipa kazi hiyo jina na thamani yake. Anayeshikilia hadithi ya wizi wa wimbo anadhani anamtetea Carthy, kumbe anamnyang'anya mara ya pili, kwa sababu anarudi kwenye fikra kwamba mali ilikuwa maneno na tuni za mababu, na vidole vya fundi ni kifungashio. Oktoba 2000 Simon alimwalika jukwaani Hammersmith, wakauimba pamoja, ugomvi ukaisha.

Bob Dylan, mwimbaji mwingine wa Marekani, naye alipita hapo, katika baridi kali ya kuelekea 1963, akasikiliza, akajifunza, na tuni mbili kutoka kwa Carthy zikazaa nyimbo mbili za Dylan. Carthy anasimulia jinsi walivyoipasua piano mbovu kwa upanga wa samurai wapate kuni. Ni kisa kitamu, lakini kila makala humtambulisha kwa Dylan na Simon, kana kwamba miaka 60 ya kazi ilikuwa varanda ya kuwasubiria Wamarekani wawili.

Kundi jingine linalomfanya mtunza ghala lina nia mbaya zaidi. Wapo wanaozitaka nyimbo hizi ziwe hati ya kumiliki Uingereza, ushahidi wa nchi iliyokuwa safi kabla wageni hawajaja. Chama cha mrengo wa kulia cha BNP kilipojaribu kujipamba kwa muziki huu, mwaka 2009 wanamuziki waliunda Folk Against Fascism kuwakatalia. Carthy, mtoto wa mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi aliyekuja kuwa katibu mkuu wa jumuiya ya kimataifa ya vyama vya kisoshalisti, hakuhitaji kufundishwa upande wa kukaa. Alikuwa tayari ndani ya Imagined Village, kundi lililotoa albamu mwaka 2007 na kuwakutanisha watu kama yeye, binti yake Eliza, mshairi Benjamin Zephaniah na Sheema Mukherjee, mpiga sitar, chombo cha nyuzi cha India. Ndiyo maana Scarborough Fair kwenye albamu mpya inasikika na sitar ya Mukherjee. Wapo watakaosema kwamba hayo ni mapambo ya kufurahisha majaji. Aliyefuatilia nyuzi za Davey Graham kutoka Tangier atasikia kitu kingine. Gitaa lililojifunza kwa udi linakutana na ndugu wa mbali, na wote wawili wanajua kushikilia mvumo mmoja chini huku tuni ikitembea juu.

Turudi kwenye tuzo. Wanaosema kwamba Mercury huweka albamu moja ya jadi kwenye orodha ili ionekane ina moyo mpana, hawasemi uongo. Norma Waterson, mke wa Carthy, aliteuliwa mwaka 1996. Eliza aliteuliwa 1998 na tena 2003. Kwa uteuzi wa 2025, mama, binti na baba wote wamepita mlango uleule, na hakuna aliyetoka na ushindi. Hakuna albamu ya nyimbo za jadi za Uingereza iliyowahi kushinda. Hilo ni kosa la tuzo, na linafaa kulalamikiwa. Lakini kutoka hapo kuruka hadi kusema kwamba albamu yenyewe haikustahili ni kuchanganya mambo mawili. Anayetaka kuikataa aisikilize kwanza.

Akiisikiliza atakutana na sauti ya mtu wa miaka 84. Inapasuka, pumzi ni fupi, kuna mahali ambapo noti ya juu inaguswa tu na kuachwa. Sitadai kwamba hakuna kilichopungua. Vidole vile vya Shearwater havipo tena kwa kasi ileile. Nyimbo kadhaa ni zilezile za albamu yake ya kwanza ya mwaka 1965, zimeimbwa upya baada ya miaka 60, na ukizipiga moja baada ya nyingine utasikia kijana mwenye umeme mwilini, kisha mzee anayechagua mahali pa kukanyaga. Ninachokikataa ni mizani inayotumika. Tunaupima uimbaji huu kwa mizani ya muziki wa vijana, ambamo koo likichakaa kazi imekwisha. Mvuvi wa Winterton alikuwa na miaka 80 alipomshika kijana wa miaka 17 asimwachie tena. Larner alifariki Septemba 1965, mwaka uleule albamu ya kwanza ya Carthy ilipotoka. Koo lililochakaa ndilo lililompa Carthy wito wake, na sasa analo lake. Kwa nyimbo hizi, sauti iliyozeeka inabeba habari ambayo sauti ya miaka 24 haina, hasa kwenye visa vya watu wanaozika waume zao na kurudi kazini.

Kutoka hapo kuna jambo la mkate. Jamii ikiamini kwamba muziki wa jadi ni mali iliyohifadhiwa, italipa makumbusho, maktaba na sherehe za kumbukumbu. Ikiamini kwamba ni ufundi unaofanywa upya kila usiku, itabidi iwalipe mafundi wakiwa hai. Carthy alipewa nishani ya MBE mwaka 1998 na tuzo ya heshima ya maisha ya BBC Radio 2 mwaka 2014. Hata hivyo, mwanzoni mwa 2022, baada ya Uviko kufuta matamasha na Norma akiwa mgonjwa hospitalini, familia hiyo ililazimika kuomba msaada wa umma. Norma alifariki Januari 30 mwaka huo. Familia yenye majina makubwa kuliko yote katika fani yake, iliyoijenga fani hiyo kwa mikono, haikuwa na akiba ya kuvuka miaka miwili bila jukwaa. Mshindi wa Mercury hupewa pauni 25,000. Anayeteuliwa hubaki na jina gazetini.

Na majukwaa yenyewe ni vyumba vya ghorofani juu ya baa, viti arobaini au hamsini, mlangoni sahani ya kukusanyia fedha, hakuna spika, mwimbaji yuko hatua tatu kutoka kiti cha mbele. Humo ndimo Carthy alimsikia Larner, na ndimo Dylan na Simon walimsikia yeye. Baa hizo zinafungwa mwaka hadi mwaka, na chumba cha ghorofani kinageuzwa kuwa fleti ya kupangisha.